Mwenzio Akifungua 1BT: Kutafuta Kopa na Shupaza za Pamoja kwenye Briji

Mwenzio ameweka 1BT mezani, yaani moja bila turufu. Kwenye vibao vya kunadia utaona imeandikwa NT. Kwa kibao hicho kimoja amekwisha kusema mengi: ana pointi 15 hadi 17, mkono wake umesawazika, hana rangi aliyoikosa kabisa wala yenye karata moja tu. Hajasema kama ana kopa nne au shupaza nne. Kuanzia hapo nahodha ni wewe unayejibu, kwa sababu unaujua mkono wake karibu wote, naye wako haujui hata kidogo.

Tukubaliane majina kwanza, maana meza moja ya Kampala inaweza kuwa na mtu wa Arua, wa Mbale na wa Bombo, na kila mmoja ana majina yake ya karata. Hapa ♠ ni shupaza, ♥ ni kopa, ♦ ni uru, ♣ ni pau. Shupaza na kopa ni rangi kubwa. Uru na pau ni rangi ndogo. Pointi ni zilezile: A (ree) 4, K 3, Q 2, J 1, jumla 40 kwa pakiti nzima. Mzunguko ni karata nne zinazotupwa, mmoja akazila.

Kwa nini tusumbuke na turufu

Gemu, yaani mkataba unaoleta zawadi kubwa, kwa bila turufu ni 3BT, mizunguko 9 (sita ya msingi na 3). Gemu ya kopa au shupaza ni mizunguko 10. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini nitafute mzigo wa mzunguko mmoja zaidi? Tazama mikono hii miwili.

Kusini (mfunguzi): ♠ K Q 8 4  ♥ A 3  ♦ K 9 5 2  ♣ A 7 6
Kaskazini (mjibu): ♠ A J 7 3  ♥ 8 4  ♦ A 7  ♣ J 8 6 5 2

Kusini ana 16, Kaskazini ana 10. Jumla 26, gemu ipo. Ukicheza 3BT, Magharibi anaanza na kopa. Nyinyi mna kopa nne tu kwa pamoja, kwa hiyo wapinzani wanazo 9, na mmoja wao lazima ana tano au zaidi. Hesabu mizunguko yako: shupaza 4, kopa 1, uru 2, pau 1. Ni minane. Wa tisa hauji bila kuwapa wapinzani zamu ya kuongoza, na wakiipata, kopa zote zinamwagika mezani. Umeanguka.

Sasa fanya shupaza kuwa turufu. Shupaza nne za Kusini bado zinakula mara 4. Juu yake, Kaskazini ana uru mbili tu, kwa hiyo anakata uru ya tatu na ya nne za Kusini kwa turufu zake ndogo. Shupaza zilezile zilizotoa mizunguko minne sasa zinatoa sita. Ongeza ree ya kopa, A na K za uru, ree ya pau: kumi. Unapoteza kopa moja na pau mbili, basi.

Lakini angalia namna ya kucheza, maana hapa ndipo wengi wanapoitupa. Ukivuta turufu mara tatu kwa furaha ya kuona wapinzani wameisha, Kaskazini anabaki na turufu moja, anakata uru moja tu, na unaishia tisa. Vuta mara mbili, A kisha K. Cheza ♦A, ♦K, kata uru ya tatu kwa ♠7. Rudi Kusini kwa ♣A, kata ya nne kwa ♠J. Turufu ya mwisho ya mpinzani utaivuta baadaye kwa ♠Q. Hii inategemea turufu zigawanyike 3-2 kwa wapinzani, jambo linalotokea karibu mara 68 kwa 100 mkiwa na nane za pamoja, na yule mwenye turufu ya tatu asiwe ameishiwa uru mapema.

Kwenye karatasi ya matokeo, mkiwa hamko hatarini (hali isiyoongeza zawadi wala adhabu), 4♠ iliyotimia ni 420. 3BT iliyoanguka kwa mmoja ni −50. Na hata pale 3BT inapotimia barabara, ni 400 tu. Kwenye mashindano ya jozi hizo pointi 20 zinatosha kukupandisha juu ya meza nzima. Kinyume chake pia ni kweli: 3BT yenye mzunguko mmoja wa ziada ni 430, kwa hiyo mkono usio na pa kukata usiulazimishe kwenye turufu.

Kwa hiyo unachotafuta ni nane za pamoja katika rangi kubwa: nne kwa nne, au tano kwa tatu. Kila njia ina tangazo lake. Nne kwa nne unaitafuta kwa Stayman, tano kwa tatu kwa transfa.

Kabla hujagusa kisanduku cha vibao

Jiulize maswali mawili, kwa mpangilio huu: tunafika gemu? Nina rangi kubwa ya nne au ya tano?

La kwanza lina fomula isiyohitaji kukariri. Gemu inataka kama 25. Jumlisha pointi zako na kima cha chini cha mwenzio. Ikifika 25, nenda gemu. Isipofika, jumlisha na kima chake cha juu, ikifika, mwalike. Isipofika hata hapo, simamisha mnada mapema kadiri unavyoweza. Kwa 15-17 hiyo inatoa: 0-7 simama, 8-9 alika, 10 na kuendelea gemu. Ukikaa na mtu aliyejifunza Acol, mfumo wa kunadi wa Waingereza, ambako 1BT huwa 12-14, fomula ileile inatoa 0-10 simama, 11-12 alika, 13 na zaidi gemu. Badilisha namba hizo popote zinapotokea katika mwongozo huu; mengine yanabaki vilevile.

Na amua sasa hivi, kabla ya kibao cha kwanza, utasema nini kwa kila jibu ambalo mwenzio anaweza kutoa. Hili ndilo linalotenganisha wachezaji. Anayeweka 2♣ huku akijiambia "tutaona" ndiye utakayemkuta dakika mbili baadaye ameshika kisanduku, anatazama dari.

Stayman: 2♣

Jina linatokana na Mmarekani Sam Stayman, aliyeandika makala juu yake mwaka 1945, ingawa wazo lilikuwa la mwenzi wake George Rapée. Uingereza, Jack Marx alikuwa amelifikia peke yake. Tangazo la 2♣ halina habari na pau. Ni swali: una nne za rangi kubwa?

Mfunguzi ana majibu matatu tu:
2♦: sina nne za kopa wala za shupaza.
2♥: nina kopa nne, labda na shupaza nne pia.
2♠: nina shupaza nne, kopa nne sina.

Jibu la nne halipo. Kosa la kawaida kuliko yote ni mfunguzi mwenye 17 kuruka na kusema 2BT "kuonyesha nguvu". Nguvu hukuulizwa. Umeulizwa kopa na shupaza. Pointi zako mwenzio ataziuliza mwenyewe akizihitaji.

Ili uweke 2♣ uwe na angalau 8 na rangi kubwa moja ya nne. Sababu ya 8 utaiona ukijaribu bila hizo. Una shupaza nne na pointi 5, umesema 2♣, mwenzio kajibu 2♥. Sasa? Huna kopa za kutosha. 2BT inasema una 8-9. Kupasi kunakuacha kwenye kopa nne kwa mbili. Mkono huo ulipaswa kupasi juu ya 1BT, na mwisho wa habari.

Baada ya jibu, mjibu anaendelea hivi. Kama rangi zimekutana: 3 ya rangi hiyo ni mwaliko (8-9), 4 ni gemu. Kama hazikukutana: 2BT ni mwaliko, 3BT ni gemu. Mwaliko wa 3♠ mfunguzi mwenye 15 anapasi, mwenye 17 anakubali, mwenye 16 anatazama ubora: ree na kumi-kumi zenye msaada anakubali, Q na J zilizotapakaa anapasi.

Rangi zikishakutana, usihesabu pointi za picha peke yake. Ukiwa na turufu nne, ongeza 1 kwa rangi yenye karata mbili, 3 kwa rangi yenye moja, 5 kwa rangi usiyo nayo kabisa. Mkono wa pointi 9 wenye shupaza nne na uru moja tu haualiki tena. Unapanda moja kwa moja hadi 4♠. Ongezeko hili ni la baada ya kukutana. Kabla ya hapo karata moja pekee ni udhaifu, maana huenda mwenzio ndiye mwenye picha zake zote kwenye rangi hiyo.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Mnada: 1BT – 2♣ – 2♥ – 3BT. Mjibu aliuliza rangi kubwa, akaonyeshwa kopa, akazikataa. Basi aliuliza kwa sababu gani? Ana shupaza nne. Mfunguzi mwenye zote mbili lazima arekebishe: 4♠. Na kama mjibu alisema 2BT badala ya 3BT, mfunguzi mwenye shupaza nne anasema 3♠ akiwa na kima cha chini, 4♠ akiwa na cha juu. Mfunguzi anayepasi hapo ameacha nane za pamoja mezani baada ya kuzitafuta kwa jasho.

Je, kila mkono wenye nne za rangi kubwa uulize? Hapana, kwa maoni yetu. Chukua ♠ Q 7 4 2 ♥ K 10 5 ♦ A 8 3 ♣ J 9 6. Pointi 10, umbo la 4-3-3-3. Huna rangi fupi ya kukata. Turufu upande wako hazitakupa mzunguko hata mmoja wa ziada. Sema 3BT papo hapo. Faida ya pili ni kwamba wapinzani hawakusikia chochote kuhusu mkono wa mfunguzi, kwa hiyo wanaanza gizani. Wapo wazuri wanaouliza bado, na wakati mwingine wanashinda wao.

Kisha kuna Stayman ya mnyonge, ambayo inavunja kanuni ya pointi 8 kwa makusudi. Mkono: ♠ J 9 7 3 ♥ Q 8 4 2 ♦ 10 7 6 5 2 na pau hakuna. Pointi 3. Kuacha 1BT ni kumwachia mwenzio aanguke peke yake. Weka 2♣, na jibu lolote litakalokuja, pasi: 2♦ una tano, 2♥ na 2♠ una nne-nne. Sharti ni pau fupi na uwezo wa kuvumilia majibu yote matatu. Ukiwa na uru mbili tu, usithubutu.

Transfa: 2♦ na 2♥

Aliyekulia kwenye matatu, ule mchezo wa karata wa vijiweni Uganda, amezoea kuona ree ikitupwa na rangi ikabadilishwa. Transfa ina ladha hiyo: unataja rangi moja, unataka nyingine. 2♦ inasema "nina kopa tano au zaidi, sema 2♥". 2♥ inasema "nina shupaza tano au zaidi, sema 2♠". Marekani mbinu hii ilienezwa na Oswald Jacoby mwaka 1956. Olle Willner wa Sweden alikuwa ameandika juu yake kabla.

Kwa nini mzunguko huu wote, badala ya kusema tu 2♠? Kwanza, mwenye nguvu ndiye anayecheza. Karata ya kwanza inamjia yeye, ikipitia kwenye A-Q na K zake badala ya kuzishambulia, na mkono wake mkubwa unabaki umefichwa huku ule mnyonge ukilazwa mezani. Pili, na hili ni kubwa zaidi, mjibu anapata zamu ya pili. Ameonyesha tano kwa bei ya tangazo moja, na bado ana nafasi ya kusema ana pointi ngapi.

Pointi za kuanzia ni sifuri. Tazama ♠ J 9 7 6 4 ♥ 8 3 ♦ 10 5 2 ♣ 9 6 4. Pointi moja. Katika 1BT mkono huu haumsaidii mwenzio hata mzunguko mmoja. Hawezi hata kuufikia. Katika 2♠ zile ndogo zinakuwa turufu na zinakula mara mbili au tatu. Sema 2♥, msikilize akisema 2♠, pasi. Kupasi 1BT kwa sababu "sina kitu" ni kosa la gharama. Kutokuwa na kitu ndiyo sababu ya kukimbia.

Mfunguzi anatii, hata akiwa na mbili tu. Hapa mezani huwa hivi: Kaskazini ameweka 2♦, na mama wa upande wa pili anauliza, "Mzee, hiyo ni nini?" Mzee wa Kusini anajibu, "Transfa, mama. Anaonyesha kopa tano." Kisha anaweka 2♥, ingawa mkononi ana uru tano nzuri zinazomwita apasi. Mfunguzi anayezisikiliza uru zake anamwacha mwenzio aliyekuwa na uru mbili akicheza turufu za uru, huku kopa zao nane zimelala. Kanuni za kutangaza na kupiga kengele (kuwatahadharisha wapinzani) hutofautiana toka klabu hadi klabu. Uliza kabla ya kuanza.

Na mwenzio akisahau, au akieleza vibaya? Uso wako usiseme kitu. Huruhusiwi kumsahihisha wakati mnada unaendelea. Mkishinda mnada nyinyi, waite msimamizi na uwaambie wapinzani ukweli kabla karata ya kwanza haijatupwa. Mkiwa walinzi, subiri mkono uishe.

Baada ya transfa kukubaliwa, mjibu anachagua. Tuchukue kopa; shupaza ni vilevile:
Pasi: 0-7.
2BT: 8-9, kopa tano kamili.
3♥: 8-9, kopa sita.
3BT: 10-15, kopa tano, mwenzio achague.
4♥: kopa sita, gemu.
Rangi mpya ngazi ya tatu: nne au zaidi hapo, gemu lazima, labda hata slemu (mizunguko 12 au 13).

Jaribu na ♠ 8 4 ♥ K Q 10 7 3 ♦ A 9 5 ♣ 8 6 2, pointi 9. Mnada: 1BT – 2♦ – 2♥ – 2BT. Sasa mfunguzi ana njia nne, na zote ziko wazi: kima cha chini na kopa mbili, pasi; chini na kopa tatu, 3♥; juu na kopa mbili, 3BT; juu na kopa tatu au nne, 4♥. Hakuna kubahatisha popote.

Juu ya 3BT kazi ya mfunguzi ni kuhesabu tu. Kopa tatu au zaidi, 4♥. Mbili, pasi. Wapo wanaopasi na tatu kwa sababu "picha zangu ziko kwenye rangi nyingine". Mara moja moja wanapatia. Kwa jozi inayoanza, hesabu inatosha.

Ruhusa moja ya kutotii ipo: mfunguzi mwenye turufu nne na 17, au 16 nzuri, anaruka hadi 3♥. Mna tisa za pamoja, na kwa tisa ngazi ya tatu ni salama hata mwenzio akiwa mnyonge. Ila isiwe na tatu, wala na 15. Na mjibu akipasi 2♥, mnada umekwisha. Mfunguzi asiibuke na 2BT kwa kuwa ana 17. Hizo 17 alishazitangaza tangu mwanzo.

Ukiwa na kopa au shupaza sita na pointi za gemu bila ndoto ya slemu, jozi nyingi hutumia 4♦ moja kwa moja (kopa) na 4♥ (shupaza), transfa ya ngazi ya nne iitwayo Texas. Inawazibia wapinzani njia. Msiiweke kwenye mfumo kabla ya kukubaliana wote wawili, maana 4♥ ikipasiwa na mwenzio aliyedhani ni kopa halisi, mtacheza gemu yenye turufu nne.

Tano kwa nne

Mkono wenye tano za rangi kubwa moja na nne za nyingine ndio unaowachanganya watu: ni Stayman au ni transfa? Ukiwa na pointi za gemu, Stayman. ♠ K Q 7 4 ♥ A J 9 5 3 ♦ 8 2 ♣ 6 4. Weka 2♣. Akisema 2♥, wewe 4♥. Akisema 2♠, wewe 4♠. Akisema 2♦, nne hana, lakini huenda ana kopa tatu, na kopa tano kwa tatu bado ni nane. Kwa wanaocheza asilia, yaani rangi unayoitaja ndiyo uliyo nayo, sema 3♥: kopa tano, gemu lazima, mfunguzi anachagua 4♥ au 3BT.

Kuna njia bora inayoitwa Smolen, ambayo inageuza: unaruka katika rangi yako ya nne. Kwa mkono huu ungesema 3♠, yaani "shupaza nne, kopa tano". Mwenye kopa tatu anasema 4♥, na kwa mara nyingine mwenye nguvu ndiye anayecheza. Ni nzuri, ila ikisahauliwa inaumiza. Jozi isiyocheza pamoja kila wiki ibaki na ile asilia.

Ukiwa mnyonge na tano kwa nne, fanya transfa kwa ile tano, pasi. Ukiwa na tano kwa tano na gemu, 2♥ kwanza kuonyesha shupaza, kisha 3♥; mwenzio atachagua anayoipenda.

Baada ya 2BT ya 20-21, ngazi inapanda tu: 3♣ ni Stayman, 3♦ na 3♥ ni transfa. Mwaliko haupo tena, nafasi imeisha. Ukiwa na 4 nzuri au 5, unakwenda.

Wapinzani wakiingilia

Mpinzani akipiga dabo (tangazo la kuzidisha alama mara mbili) juu ya 1BT, mkubaliano mwepesi ni kuendelea kana kwamba hakusema kitu. Akisema 2♣, dabo yako ndiyo inakuwa Stayman na transfa zinabaki. Akisema 2♦ au zaidi, zima kila kitu: 2♥ na 2♠ ni asilia za kushindania tu, 3♥ na 3♠ ni tano na gemu, na kutaja rangi ya mpinzani ndiyo Stayman. Baadaye mkizoea mtajifunza Lebensohl, mbinu ya kujibu wapinzani wakiingilia, ila hilo ni somo la siku nyingine.

Mpinzani wa nne anaweza kupiga dabo 2♣ yako kuonyesha pau zake. Kubalianeni hivi: mfunguzi asiye na kizuizi cha pau (karata kubwa ya kuwazuia) anapasi, mwenye kizuizi anajibu kama kawaida. Akipasi, wewe ukipiga ridabo (kuizidisha tena dabo yao) unauliza swali lilelile upya. Akipiga dabo 2♦ ya transfa, mfunguzi mwenye kopa tatu anasema 2♥, mwenye mbili anapasi. Ridabo yako inamwambia akamilishe. Mpinzani amewapa habari ya bure, itumieni.

Namna ya kufanya mazoezi

Hamhitaji vibao vya kununua wala watu wanne. Chukueni pakiti moja, toeni jokari. Tengenezeni mkono wa 1BT kwa makusudi, karata 13 zenye pointi 16 na umbo la 4-4-3-2 au 4-3-3-3 au 5-3-3-2, muulaze upande wa Kusini. Changanyeni zile 39 zilizobaki, gaweni mikono mitatu ya 13. Zimebaki pointi 24 kwa watu watatu, kwa hiyo mjibu atapata wastani wa 8, palepale kwenye mpaka wa mwaliko ambapo makosa yanatokea. Wapinzani wanyamaze. Andikeni mnada kwenye karatasi bila kusemeshana, kila mmoja safu yake, kisha funueni mikono yote miwili.

Hesabuni: mna nane za pamoja? Mmezipata? Kama hazikupatikana, rudini kwenye karatasi mtafute tangazo lililokosea, na liwe moja, si "mnada wote". Mkono wa Kusini uacheni palepale, changanyeni tena zile 39, rudieni. Kwa saa moja mtapitia mikono 15 hadi 20. Baada ya kila tano, badilisheni ule wa Kusini: mara uwe na kopa na shupaza nne zote mbili, ili mfunguzi akumbuke kurekebisha 3BT kuwa 4♠, mara uwe na uru tano na kopa mbili, ili ajifunze kutii transfa huku moyo unakataa.